Kwa Yaya Masika, Aliyepimwa kwa Mashine ya Mbuzi

Mpendwa Yaya, dada yangu mkubwa,

Nakuandikia hadharani kwa sababu sina tena mahali pa kukuandikia faraghani. Simu yako haiingii. Kila nikipiga, yule mwanamke wa mtandao ananijibu kwa Kifaransa chake kizuri kwamba nijaribu baadaye, nami ninajaribu baadaye. Nimewatuma watu wa pikipiki wanaofika Beni, nimempa salamu za kukufikishia hata dereva wa lori nisiyemjua, na hakuna aliyerudi na jibu. Kwa hiyo barua hii naiacha wazi. Kama msomaji yuko upande wa Oicha, na amemwona mwanamke mrefu, mwenye mwanya, anayeimba sauti ya pili hata akisugua sufuria, amwambie kwamba mdogo wake wa Butembo anamtafuta.

Naanza mbali, maana mbali ndiko ninakokuona vizuri. Ni kijijini kwetu Masereka, asubuhi, baridi ile ya kuuma masikio, ukungu umekalia kabichi. Mama amekwisha kufa, Baba yuko shambani, na wewe umeacha shule ili mimi nisiache. Mbuzi wetu walilala jikoni pamoja na moshi. Nilipolia kwamba vidole vyangu vimekufa kwa baridi, uliniambia nipige magoti nitie viganja kwapani mwa mbuzi, nyuma tu ya mguu wa mbele. "Tia mikono hapa, kuko moto," ulisema. Nilitia, na humo ndani kitu kikawa kinanigonga kiganja. Nikakuuliza ni nini.

"Eko anafanya kazi yake. Muache," ulinijibu, ukaendelea kumenya viazi.

Sikujua kwamba siku moja watu wangenipa mshahara kwa ajili ya kitu hicho hicho. Wewe pia hukujua, maana uliponisindikiza kwenda chuo ulikuwa unawaambia majirani kwamba ninakwenda kuwa daktari, na nilipomaliza nikawa mtu wa mifugo uliwaambia kwamba daktari ni daktari, hata mgonjwa wake akiwa na pembe. Ulikuwa umeolewa tayari na Shemeji Paluku, mmehamia Oicha, mmepanda kakao kandokando ya msitu. Kila mlipovuna ulinitumia ujumbe: tumevuna, sisi wazima, umekula? Hilo la umekula halikukosekana hata siku moja, hata nilipokuwa na mke na watoto na kitambi.

Shemeji alipouawa na watu wenye silaha kule kule shambani, mlimzika kandokando ya miti yake, halafu hofu ikawatawanya wote. Ulifika kwangu Butembo, mtaa wa Bulengera, juu ya pikipiki, vumbi jekundu limekupaka mpaka kope, na kitu kimefungwa kwa kitenge mapajani. Kahindo, mke wangu, alitoka mbio kupokea mtoto, akapokewa na ndevu. Ulikuwa umekimbia na mbuzi. Katika nyumba nzima uliacha sufuria, magodoro, nguo za Shemeji, ukamchukua mbuzi jike mwenye ndevu uliyemwita Mzee wa Kanisa, kwa sababu, ulivyosema, anatembea polepole na anatazama watu kana kwamba anajua dhambi zao. Tulicheka siku ile, Yaya. Ulikuwa mjane wa majuma machache na ulitufanya tucheke mpaka Kahindo akakalia ndoo.

Kazi yangu unaijua, lakini mwenye kusoma barua hii pembeni haijui, niruhusu nimweleze. Moyo, kila unapopiga, hutoa umeme kidogo sana. Tunanyoa manyoya mahali padogo, tunapangusa kwa spiriti, tunabana vibanio kwenye ngozi, na mashine inachora mistari kwenye karatasi. Hatumlazi mnyama kwa dawa, maana dawa hubadili moyo. Tunataka moyo wa mbuzi aliye macho, aliyesimama kwa miguu yake, anayejua yuko wapi. Profesa wetu alitaka kujua kawaida ya mbuzi wa milima hii, kwa sababu vitabu tulivyo navyo vinaeleza mbuzi wa Ulaya, na daktari wa mifugo asiyejua kawaida hatajua ugonjwa.

Wewe uliposikia habari za umeme uliniangalia vibaya. Ulidhani tunawachoma.

"Hatuwatilii umeme," nilikueleza. "Umeme unatoka kwao."

"Kumbe sisi hapa Butembo hatuna courant mu nyumba, na mbuzi eko nayo mu kifua!" Ukapiga makofi. "Basi mufunge ampoule ya taa kwa Muzee wa Kanisa, tupate kuona chakula."

Ugumu wa kazi ile si mashine, ni kumfanya mbuzi atulie. Mbuzi aliyeletwa maabara anatetemeka, anakojoa, anatafuta mlango. Tunamsimamisha kwenye mpira mzito ili asiteleze, tunamshika kidevu, tunangoja. Tunangoja mpaka aanze kucheua, maana mbuzi mwenye hofu hacheui. Na hata hapo, taya likitafuna linachafua mistari, kwa hiyo tunachukua kipimo pale anapomeza na kabla hajaleta tonge jingine kutoka tumboni. Nafasi yenyewe ni ndogo sana. Mimi na Profesa tulikuwa tunaweza kusimama asubuhi nzima, wanaume wawili wazima, tukimwomba mbuzi ameze.

Siku ile uliniletea sombe na fufu kwenye bakuli lenye mfuniko, ukatukuta katika hali hiyo. Uligeuza ndoo ukakalia, ukaanza kuimba chini chini wimbo wa kwaya yenu ya Oicha, sauti ya pili peke yake bila ya kwanza, kama ulivyozoea. Mbuzi wa Masereka aliyekuwa akitupiga mateke alishusha masikio. Kisha tukaona donge linapanda shingoni mwake, taya likaanza kwenda. Profesa, ambaye ni mtu wa Kisangani na Kiswahili chake kimejaa Lingala, alikushika mkono kwa mikono yake miwili. "Mama, kesho yaka lisusu," alikuomba, urudi tena kesho.

Ukarudi kesho, na kesho kutwa. Ulipata kiti chako. Uliwapa mbuzi wote majina ya watu wa kanisa, na Profesa akawa anaandika majina hayo kwenye karatasi bila kujua kwamba yule anayekataa kushikwa ana jina la mhasibu wenu wa zamani. Nikikumbuka miezi ile naona ilikuwa mizuri kuliko tulivyodhani. Asubuhi tulishuka pamoja kilima cha Bulengera kwa miguu, wewe na sweta langu la zamani, ukisalimia kila mtu kwa Kinande kana kwamba ulizaliwa mtaa ule. Nilikuwa na dada yangu tena. Nilikuwa nimekukosa tangu siku ulipoolewa, na sikuwahi kukuambia.

Mmoja tu hakutulia hata kwa wimbo wako, naye ni Mzee wa Kanisa. Alikula vizuri, alinenepa, lakini akipandishwa kwenye mpira hakucheua. Pikipiki ikipita barabarani mistari yake ilisongamana. Mlango ukigongwa, hivyo hivyo. Tulijaribu siku nyingi. Mwishowe Profesa alisema, kwa upole, kwamba mbuzi waliokimbia vita hawawezi kuingia katika hesabu, kwa sababu sisi tunatafuta kawaida.

"Donc na miye hapana wa kawaida?" ulimwuliza.

Profesa alicheka. Wewe hukucheka, ukainama ukamfungua mbuzi wako vibanio, kimoja kimoja.

Nadhani hapo ndipo nilipoanza kukuangalia wewe badala ya mbuzi. Niliona ukiosha vyombo unasimama ghafla, mkono kifuani, macho yametulia mahali pasipo na kitu. Nilikuuliza, ukasema moyo unaruka. "Kama samaki mu ndoo," ulisema. Kwenye kituo cha afya walikupima presha, wakakupa vidonge, wakakuambia usifikiri sana. Hawana mashine ya moyo. Ile niliyoitumia mimi kila siku ilikuwa ya mbuzi.

Kisha kakao ikaiva. Jirani yako wa Oicha alikupigia akakuambia matunda yamekuwa ya njano, nyani wanaingia, mengine yameanza kuwa meusi. Tangu siku hiyo hukukaa. Ulikuwa unatembea uani ukiongea na mikono yako. "Kakao inaoza ku miti," ulisema mezani, ulisema kisimani, ulimwambia hata Mzee wa Kanisa. Ile miti mliipanda wewe na Shemeji, mkaimwagilia kwa kopo ilipokuwa midogo, na yeye amelala kando yake. Nilielewa. Ila nilikuwa nimesikia pia habari za upande ule, kama kila mtu. Watu wanakwenda kuvuna asubuhi na jioni wanaletwa kwa machela.

"Hutakwenda," nilikuambia.

"Nani mukubwa hapa?"

Kwetu mdogo hamfungii yaya mlango. Ningeweza kumwita mchungaji, ningeweza kuwaita wajomba kutoka Masereka, na kwa kweli niliwaita, ukawapikia kuku, wakala, wakasema maneno mazuri, wakapanda lori kurudi. Hakuna aliyekushinda. Uliwajibu wote kwa heshima na ulikuwa umekwisha kufunga mzigo.

Ndipo wale mama wa chumba cha maombi ulimokuwa ukisali hapa mtaani wakakushauri umwekee Mungu alama. Hiyo ni desturi yao: mtu akisita, anaomba ishara iliyo wazi, na ishara ikija jambo halijadiliwi tena. Wengine huomba mvua isinyeshe siku fulani, wengine huomba mgeni afike bila kuitwa. Wewe ulikuja nyumbani ukasimama mbele yangu umefunga kitambaa kichwani vizuri, ukasema umepata alama yako.

"Utanipima na ile machine. Moyo ikikuwa mubaya, ntabaki kwako mpaka kufa. Ikikuwa muzuri, ni Mungu ananituma, na weye hapana nizuia tena. Tumepatana?"

Yaya, nilifurahi. Ni lazima nikuambie jinsi nilivyofurahi. Nilikuwa nimekuona ukishika kifua, nilikuwa nimeshika mshipa wa mkono wako ukiwa umelala kwenye mkeka mchana na nimeuhisi ukikosea. Nilijua moyo wako si mzima. Nikaona Mungu mwenyewe amenipa kamba ya kukufungia, nikakubali haraka, mbele ya Kahindo, kwa kukupa mkono. Nilipomwomba Profesa ruhusa alisema mtu pia ni mnyama aliye macho, tuendelee.

Ulikaa kwenye benchi. Nilikuvua viatu. Nilipangusa vifundo vya miguu yako kwa spiriti, miguu ile iliyonibeba mgongoni kutoka zahanati ya Masereka nilipokuwa na surua, nikapangusa viwiko vya mikono, na kwenye mkono wa kushoto nikaliona kovu la panga la kupasulia kakao. Ulilalamika kwamba spiriti ni baridi. Uliniuliza kama mbuzi wote waliobanwa na vibanio hivi walinawa. Nilitabasamu, na ndani nilikuwa naomba uwe mgonjwa. Nilimwomba Mungu akupe kaugonjwa kadogo, kasikouma, ka kukuweka tu hapa. Ndugu gani anaomba hivyo? Lakini ndivyo nilivyoomba.

Hukuimba siku ile. Uliangalia dirishani, kule kwenye mikaratusi.

Mashine ikaanza kuchora. Kilima kidogo, kisha mlima mwembamba mrefu, kisha kilima kipana, kisha nafasi. Tena hivyo. Tena hivyo. Nilingoja samaki wako aruke. Niliacha karatasi itoke mpaka ikafika sakafuni, mpaka Profesa akaniwekea mkono begani. Ulikuwa moyo uliotulia kuliko yote niliyowahi kupima, wa mbuzi au wa mtu. Nafikiri ulikuwa umekwisha kuamua, na aliyekwisha kuamua moyo wake hauna cha kubishana nacho.

"Iko namna gani?" uliuliza.

Ningekudanganya ungejuaje? Hujui kusoma mistari ile. Lakini ulikuwa unaniangalia usoni, na usoni pangu wewe unasoma tangu nilipokuwa na meno ya utoto. Nikakuambia ni mzuri. Kisha nikaanza kujitetea kama wakili aliyeshindwa. Nikasema karatasi inaona dakika hii tu, kwamba moyo unaweza kuwa mzima asubuhi na mgonjwa mchana, kwamba tungepaswa kupima siku nyingi.

"Si weye mwenyewe ulisemaka machine hapana bembeleza mutu?" ulinijibu, unavaa kiatu. "Basi. Imesema."

Ulichukua karatasi ukaenda nayo chumba cha maombi. Kahindo aliyekuwapo aliniambia walivyoipokea: waliipitisha mkono kwa mkono, mama mmoja akaishika kichwa chini akasema anaona milima ya Mungu, wakapiga vigelegele, wakakuombea safari. Mimi nilikaa uani na Mzee wa Kanisa. Sikuwa na hasira nao. Walikuwa na furaha ya kweli, na alama ilikuwa imetimia kweli.

Nilikusindikiza mpaka Beni. Kwenye gari ulikula ndizi, ukaongea na kila mtu, ukambembeleza mtoto wa mama mmoja mpaka akalala. Kule kwenye maegesho ya magari ya Oicha palikuwa na kelele, wauzaji wa mikate, askari wamekaa kivulini. Nilishika tu mzigo wako nikawa siuachii. Uliuvuta taratibu.

"Hapana lia mbele ya batu," ulininong'oneza. "Batasema ninaenda kufa." Kisha kwa sauti, ukinishukuru kwa Kinande, kwa ajili ya hao watu: "Wasingya, mudogo wangu! Rudi ku kazi, bambuzi banakungoja!" Gari likaondoka na mkono wako nje ya dirisha.

Mwanzoni ulipiga simu. Ulipanda mahali penye mtandao ukanieleza kila kitu: umepalilia kaburi la Shemeji, nusu ya kakao imeokoka, umetandika bashi, lile turubai la kukaushia, juani na mbegu zinakauka vizuri. Ulisema moyo hauruki tena tangu ufike. Nilikusikia ukicheka. Yaya, nilianza kuamini kwamba ni wewe uliyekuwa sahihi, nikaanza kumweleza Kahindo hivyo, na tukapanga watoto waje kwako likizo.

Halafu zikaja habari. Watu wenye silaha wameingia mashambani upande wenu. Waliovuna wamekimbilia Oicha mjini, kila mmoja na njia yake. Jirani yako alifika na watoto wake wote, nikampata kwa simu. Alikuona ukikunja bashi la kakao. Alikuita, ukamwambia unakuja. Baada ya hapo hakukuona tena, wala hakukuta mtu aliyekuona. Waliorudi kuangalia shamba walikuta bashi na mbegu zimemwagika. Wewe hawakukukuta, si mzima wala vinginevyo.

Nilikwenda Beni siku hiyo hiyo nilipopata habari. Kwenye kizuizi cha kutoka mjini, askari mmoja, mtu wa Mbandaka kama alivyoniambia baadaye, aliinua mkono. "Papa, nzela ekangami," alisema. Njia imefungwa. Nikamwuliza itafunguliwa lini. Akasema kesho. Nilirudi kesho yake, akasema tena kesho, na safari hii aliona haya. Alinipa kigoda nikae. Akaniambia naye ana dada kwao na hajamwona tangu alipotumwa huku. Tulikaa pale, yeye na bunduki, mimi na mfuko wa sukari niliokuwa nimekuletea, na wote wawili hatukuwa na cha kufanya. Niliwaendea wakimbizi waliolala kanisani, nikaeleza mwanya wako, urefu wako, wimbo wako. Niliwaimbia. Mama mmoja aliniomba niimbe tena, akafikiri sana, kisha akatikisa kichwa.

Nimerudi Butembo. Watu wananiuliza nimefanya nini, nami naorodhesha niliyofanya, na nikimaliza naona sijafanya kitu. Nimesoma miaka mingi ili nijue moyo unavyokwenda. Naweza kukuambia kilima kipi kinatoka chumba kipi cha moyo. Na siwezi kujua kama wako unapiga au haupigi, umbali wa safari ya nusu siku kutoka hapa. Kuna nyakati ninakukasirikia wewe. Ninaikasirikia kakao. Nimemkasirikia Mungu kwa jibu lake safi, maana angeweza kuupotosha mstari mmoja tu, mmoja, na ungekuwa jikoni sasa hivi unagombana na Kahindo kuhusu chumvi. Halafu hasira inaisha, na baada yake hakuna kitu kingine cha kushika.

Juma lililopita nilikuwa namshika mbuzi mpya, mtulivu, anacheua bila hata kuombwa. Mistari yake ikatoka michafu, imejaa vijimeno. Tulibadilisha vibanio, tukaongeza spiriti, ikatoka vile vile. Profesa akainama akaangalia karatasi, akaniangalia, akasema kwa sauti ya chini, "Kakule, achia mbuzi kidogo." Nikaachia. Mistari ikasafika. Alikuwa mzima kabisa mbuzi yule, tatizo lilikuwa mikono yangu. Sasa Profesa mwenyewe ndiye anayeshika, na mimi nabonyeza kitufe.

Wajomba wa Masereka wanauliza kama tukae kilio. Wanasema mtu hawezi kuachwa hewani, kwamba ni lazima wazee walale sakafuni, moto uwashwe, watu waje. Mchungaji naye alikuja nyumbani kwa sababu hakujua jina lako alitaje wapi. Jumapili huwa anaomba kwa mafungu: wagonjwa, wafiwa, wasafiri. Aliuliza kwa upole sana akuweke fungu gani. Ni Kahindo aliyejibu kutoka jikoni, mkono una unga: "Mumuombee na basafiri."

Na kwetu, unajua, fungu la wasafiri likifika, mwenye mtu safarini husimama ili aombewe, na msafiri akirudi yule aliyekuwa akimngoja hubaki ameketi na kutoa sadaka ya shukrani. Jumapili ya kwanza tulisimama wengi. Kulikuwa na mama mwenye mume aliyefuata bidhaa Kampala, kulikuwa na wazazi wa kijana aliye Kisangani, kulikuwa na mfanyabiashara ambaye mkewe alikwenda China. Jumapili iliyofuata tulipungua. Mume wa Kampala alikuwa ameketi pale mbele, amevaa shati jipya. Kisha akarudi yule wa China, kisha kijana. Jumapili iliyopita mchungaji alisema wenye wasafiri wasimame, nikasimama, nikasikia benchi zote zimekaa kimya nyuma yangu. Nilikuwa peke yangu kanisa zima. Hakuna aliyejua aangalie wapi.

Jumapili hii nitasimama tena, maana ndicho kitu pekee kilichobaki mikononi mwangu kukufanyia. Lakini magoti yamechoka, Yaya. Popote ulipo, njoo uniambie niketi.

Ni mimi, mdogo wako,
Kakule